Stika ya Moyo Kwenye Rimoti

Singapore, 10 Februari

Langga wangu Ramil,

Mume wangu! Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu jikoni mpaka Madam akauliza kama nimeunguza kitu.

Najua Jumapili tutaongea kwa simu, lakini simu ya kwenu ni mkutano wa hadhara. Nikisema nakupenda, mama yako anajibu, "Asante, mwanangu," na jirani anapenyeza kichwa kuuliza sabuni ya huku inanukiaje. Mambo yetu mimi na wewe yabaki ya karatasi, kama tulivyokubaliana. Barua hii nimeilaza ndani ya boksi, juu ya sabuni na nyama za kopo. Ukiisoma, ujue umeshaiona zawadi yako chini yake.

Uliniambia unataka "kioo kidogo tu cha gemu, Lyn, cha mtu mmoja." Jumapili nikaenda dukani na Delia. Langga, ukuta mzima ni runinga! Samaki wale wale wanaogelea kwenye runinga thelathini, na kila mahali wana rangi tofauti. Nilipomwambia muuzaji, bwana Koh, kwamba mume wangu (nililisema kwa sauti) anacheza gemu za ngumi, akanipeleka moja kwa moja kwenye kioo kidogo cheusi kisicho na mvuto wowote. "Chukua hiki, dada. Uzuri wake si mwingi, lakini kina haraka."

Nikamuuliza, "Picha nayo ina haraka, bwana Koh? Inakwenda wapi?" Delia akaninong'oneza kwa lugha yetu, "Ametuona ni wadada wa kazi, anatutupia cha pembeni." Tukacheka, bwana Koh akakunja uso, nami nikageuka nikaiona yetu.

Ya inchi arobaini na tatu. Ya watu wawili, langga, kwenye benchi moja! Nilimwomba atie flashi ya video ya harusi. Akabadilisha picha aina moja baada ya nyingine, mpaka ilipofika ile iitwayo Sinema nikashika mdomo. Uso wako ulikuwa laini kama unamulikwa na mishumaa ya altareni. Hata zile noti tulizobandikiwa nguoni wakati wa dansi zilionekana kama maua.

Basi nimeipanga hivyo kwa vidole vyangu. Juu ya kitufe cha mipangilio nimebandika stika ya moyo, kisha nikaifunika rimoti yote kwa plastiki. Usibandue! Nataka unione kama nilivyokuona.

Fanya mazoezi, uwapige wote kwenye mashindano ya Iloilo mwezi wa nne. Mwisho wa Julai mkataba wangu unaisha, narudi moja kwa moja. Wewe utanyoa wanaume upande huu wa pazia, mimi nitasuka wanawake upande ule, na mchana tutakula pamoja.

Mkeo (mkeo!),
Jovelyn


Pontevedra, Capiz, 17 Machi

Lyn wangu,

Boksi limefika. Mtaa mzima uliingia sebuleni, na walioshindwa kuingia walisimama dirishani. Mama alilia kwenye video kuliko alivyolia kanisani. Mjomba Bening tulimwekea mto shingoni ili kichwa kisigeuke ukutani, naye aliitazama yote. Ulipotokea na gauni lako, alitoa sauti. Mama anasema alikuwa anasema "mzuri." Mimi najua alisema hivyo.

Plastiki haijaguswa. Ritchel alitaka kubadilisha lugha tu, nikampiga kofi la mkononi. Dada yangu huyo sasa anaiita rimoti "mke mdogo."

Nacheza kila jioni nikifunga kinyozi. Lakini sijui nina nini, Lyn. Wiki mbili sasa Dodong ananipiga tukicheza kwa mtandao, kila mtu kwao, yule Dodong ambaye nilikuwa namshinda huku nakula. Nikibonyeza kujikinga, nimeshapigwa. Nikibonyeza kupiga, mwenzangu ameshaondoka. Dodong ananicheka: "Kinyozi, umeoa au umeolewa? Mbona mikono imelegea?" Mimi nacheka pia.

Nikuulize kitu. Siku zile za harusi, uliitazama mikono yangu? Uliona chochote?

Wako,
Ramil


Singapore, 31 Machi

Langga,

Kama niliitazama mikono yako! Unamuuliza mwenye njaa kama aliona wali? Niliitazama ikininyooshea shela. Niliitazama ikifungua chaza kwa kisu bila kuangalia, huku unamtania baba yangu. Niliitazama asubuhi ulipokuwa umelala, mmoja chini ya shavu lako, mwingine chini ya langu. Nimeona kila kitu, na vyote nimevipenda. Mwambie Dodong kwamba umeoa, na kwamba mkeo akirudi atamsuka masharubu.

Unajua kinachokulemea? Pete! Kidole cha kinyozi hakijazoea dhahabu. Zoea haraka, bwana, maana haitoki hiyo.

Madam ameanza kuniuliza kama nitaongeza mkataba miaka miwili. Nimemwambia kuna benchi linanisubiri.

Mkeo anayekuwaza hata akipiga pasi,
Jovelyn


Pontevedra, 28 Aprili

Jovelyn,

Nilitolewa mapema Iloilo. Kule walitumia vioo vyao, vidogo. Mikono yangu ilikuwa inatangulia, inaruka kabla sijaiambia. Watu walicheka. Si kitu, ni mchezo tu.

Kuhusu Madam. Nimefikiri sana. Ongeza mkataba. Miaka miwili si mingi, na huku hakuna kinachokungoja ambacho hakiwezi kungoja. Usiniulize kwenye simu, mama anasikia.

Uwe na afya njema.

Ramil


Singapore, 10 Mei

Mpendwa wifi yangu Ritchel,

Barua hii anakuletea Delia mkononi, anakuja kumzika bibi yake. Usimwonyeshe kaka yako.

Niambie jina lake. Sitapiga kelele. Nataka jina tu, na kama namjua.

Jumapili mbili mfululizo ameongea nami akiwa amekaa mbali, mikono chini ya meza. Mara moja tu aliinua kushika kikombe, nikaona kidole hakina pete. Nilikuwa nimemtania kuhusu pete hiyo. Kumbe mtu unaweza kuufungulia mlango msiba wako huku unacheka. Kisha ananiandikia "uwe na afya njema," kama barua ya ofisi! Miezi mitatu iliyopita mtu huyu alilia kwa sababu nilikuwa nafunga begi.

Madam anataka jibu kabla ya katikati ya Juni. Nikikaa kimya ataleta mtu mwingine. Nikisaini, ni miaka miwili, na nikirudi sijui nitakuta nini. Sili, wifi. Nakosea chumvi kwenye kila chungu. Video ya harusi nimeifuta kwenye simu, kisha nikamwomba Delia anitumie tena.

Ni yule wa duka la dawa?

Wifi yako,
Jovelyn


Pontevedra, 22 Mei

Wifi Lyn,

Wa duka la dawa ana mume na meno bandia. Hakuna mwanamke! Angekuwepo ningeshamnyonyoa, ungeletewa nywele zake badala ya barua. Delia amelala kwetu jana na kesho anarudi huko, kwa hiyo naandika upesi.

Natamani ingekuwa mwanamke. Nisamehe kusema hivyo.

Unamjua Mjomba Bening, kaka yake mama. Humu ndani tunasema alianguka kutoka kwenye mnazi. Hakuanguka. Alikuwa fundi cherehani, mikono yake ikaanza kuchelewa kwenye kitambaa, kisha mguu, kisha shingo ikajikunja upande na haikurudi. Kaka yao mkubwa aliondoka hivyo hivyo. Una jina ugonjwa huo, lakini mama akilisikia hutoka nje. Sisi wanawake hutupita, tunaubeba tu, na unawashika wanaume.

Kaka anaamini umemfikia.

Kila asubuhi anakaa mkabala na Mjomba, anamshikisha kikombe, naye anashika chake, halafu anatazama mikono yote miwili kama hakimu. Pete aliivua aone kama mkono utakuwa mwepesi, na hajairudisha. Wembe ameufungia kabatini. Mzee Turing alipokuja kunyolewa ndevu, kaka alimwambia makali yameisha. Mzee akasema, "Basi noa, wewe si kinyozi?" Kaka akaingia ndani hakutoka.

Nilimwambia labda ni hiyo runinga. Akaniambia alishawaza hilo. Alikwenda kwa Dodong kucheza kwenye runinga yao ya chogo, ile nzee. Huko ikawa kinyume: alitangulia kila pigo. Akarudi mweupe kama unga. "Unaona, Chel? Hapa nachelewa, kule nawahi. Si runinga. Mikono hainitii popote. Mjomba alianza hivi hivi."

Anataka ukae huko ili usije ukamlisha kwa kijiko. Hayo aliniambia siku moja tu, na hajayarudia. Mimi naogopa, wifi. Jana kikombe kilimponyoka kweli.

Ritchel


Singapore, 3 Juni

Langga wangu, mume wangu, Ramil,

Usimkasirikie Ritchel. Kaa chini. Isome barua hii taratibu, mahali ambapo mama hayupo.

Barua yake niliisomea chooni, na nilipoimaliza nilikaa sakafuni mpaka Madam akagonga. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa kama sijawahi. Kisha nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani, maana sikuwa na kitu kingine chako cha kushika, nikazisoma moja baada ya nyingine. Kuna kitu kikanikwama, nisiweze kukimeza.

Jumapili nilikwenda dukani kwa bwana Koh. Nilimwambia, "Mume wangu akicheza kwenye ile runinga anachelewa." Akaniuliza, "Mmeiweka kwenye picha gani?" Nikamwambia, Sinema. Langga, alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

Akanionyesha. Alinipa padi ya gemu, akanisimamisha mbele ya ndugu wa runinga yetu, inchi zile zile, akaiweka kwenye Sinema. Nikabonyeza. Mtu kwenye kioo akaruka baadaye. Kidogo tu, kama mtoto anayejifanya hajasikia akiitwa. Akaiweka kwenye picha iitwayo Mchezo, uzuri wote ukaondoka, nyuso zikawa kama zimepakwa chokaa. Nikabonyeza. Akaruka palepale.

Anasema kwenye Sinema runinga inachukua kila picha, inaiosha, inaichana, inaipaka poda, ndipo inaitoa. Kama bibi harusi, langga! Wageni mko nje mnangoja, naye bado yuko kwenye kioo. Ile haraka niliyomcheka ndiyo hiyo. Kile kioo kidogo kibaya alikuwa anakuchagulia wewe kwa haki kabisa, na mimi nikamwona ananidharau.

Najua unachosema sasa. Unasema, mbona kwa Dodong niliwahi? Hapo ndipo paliponikwama. Fikiri na mimi. Mkono mgonjwa haujui uko nyumba ya nani. Ungekuwa ni ule ugonjwa, ungechelewa kwetu, ungechelewa kwa Dodong, ungechelewa Iloilo. Wako ulichelewa kwetu peke yake. Ukakaa jioni baada ya jioni ukiufundisha utangulie ili umfikie bibi harusi, nao ukajifunza. Ukaupeleka mahali pasipo bibi harusi wa kungojwa, ukatangulia. Ulikuwa unakutii, Ramil. Ulikuwa unakutii kuliko ulivyojua.

Bandua stika. Nakuruhusu. Nakuomba.

Sasa la pili, na hili ni gumu zaidi. Lubag. Nimeliandika jina la ugonjwa huo, na kalamu haijavunjika. Nilijua. Mimi ni mtu wa Capiz, kwetu kila mtu anaujua, ulidhani nimetoka mwezini? Kabla ya harusi mama yangu alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa akaniambia, "Unaijua familia ya mama yake? Unajua kitu gani huwapata wanaume wao?" Nikamwambia najua. Akauliza, "Na bado?" Nikamjibu, "Na bado." Kisha tukaenda kupima gauni.

Bwana Koh anajua runinga, hajui damu. Mimi pia siijui. Inawezekana siku moja mikono yako ikachelewa kweli, na hakutakuwa na kitufe. Hilo naliogopa hata sasa. Lakini likija litanikuta kwenye benchi, upande wako. Halitanikuta Singapore nikipiga pasi mashati ya watu kwa sababu mume wangu aliamua kuogopa peke yake.

Sijasaini. Madam nimemwambia aningoje kidogo. Lakini sitarudi kwa mtu anayeficha mikono chini ya meza. Niandikie.

Mkeo,
Jovelyn


Pontevedra, 12 Juni

Lyn,

Barua yako ilifika kwa mkono wa binamu yake Delia. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikazunguka nayo tangu chai ya asubuhi mpaka mchana bila kufanya lolote. Utaniona mjinga. Maadamu stika ipo, ni labda runinga, labda mimi. Nikiibandua, itakuwa moja tu.

Mwishowe Mjomba Bening ndiye aliyeniona naishika rimoti na kuiweka chini, naishika na kuiweka chini. Akanguruma. Unajua maneno yake yalivyo siku hizi, yanatoka kwa kuvutwa. Akasema, "Cheza." Mama alikuwa sokoni. Ritchel akakaa mkono wa kulia wa Mjomba, akamshika kichwa.

Nikabandua. Nikaweka Mchezo. Uso wa mpiganaji wangu ukawa mbaya, kama maiti. Nikaanza.

Nikakosa.

Lyn, nilikosa kila pigo. Niliruka kabla, nilikinga kabla, nilipiga hewa, kama Iloilo, kama kwa Dodong. Jasho lilinitoka mpaka padi ikateleza. Niliiweka sakafuni nikasema, "Basi. Ni mimi." Ritchel akaanza kulia. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kichwani, barua ya kukuambia usaini.

Mjomba akasema, "Tena."

Nikamwambia, "Mjomba, umeona mwenyewe."

Akasema tena, kwa nguvu, mate yakamtoka: "Tena!" Kisha akavuta maneno marefu kuliko niliyomsikia akisema mwaka huu. Ritchel ndiye aliyeyaelewa kwanza. Alikuwa anasema, "Mkono wangu haukujifunza tena."

Nikaokota padi. Nikacheza. Pigo moja likaingia. Nikapoteza matano, likaingia lingine. Mama aliporudi sokoni nilikuwa napiga matatu kwa mfululizo, na alipokaanga samaki, mikono ilikuwa imerudi nyumbani. Nikamwita Dodong. Alipoondoka alikuwa anailaumu padi.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwenye ndoo za maji, halafu nikafungua kabati nikatoa wembe. Nilimwambia Mjomba, "Leo nakunyoa." Mama akashika mdomo. Shingo yake haikai, Lyn, inavutwa upande na kurudi, inabidi mkono uifuate kama unacheza nayo dansi. Niliifuata. Shavu lote, kidevu, chini ya sikio. Hakuna tone la damu. Alijigusa uso akacheka, nami nikauona mkono wake, nao ndio mkono ninaouogopa, na bado naupenda kwa sababu ni wake. Nadhani ndicho ulichotaka kuniambia.

Sijui kitakuja au hakitakuja. Nimeacha kujipima na Mjomba kwa vikombe. Pete iko kidoleni, inabana, vizuri.

Stika yako ya moyo iko kwenye kioo cha kinyozi, mahali mteja anapoangalia. Mzee Turing ameuliza ni ya nini, nikamwambia ni leseni.

Rimoti tumeifunika tena plastiki. Nikicheza naweka Mchezo. Lakini Jumapili, ukishakata simu na watu wakishatawanyika, narudisha Sinema uliyoipanga kwa vidole vyako, naiweka video yetu, nakaa upande mmoja wa benchi. Hapo bibi harusi na achelewe apendavyo, nitamngoja.

Wewe tu usisaini.

Mume wako,
Ramil